Msiupake Rangi Mzinga wa Wazee

Wako watu wenye nia njema ambao wakikuta chuma cha kale hawatulii mpaka wamekipaka rangi. Wakiona mzinga wa vita vya Wajerumani umesimama mbele ya jengo la serikali, au ganda la kombora limewekwa juu ya kabati la ofisi, neno lao la kwanza ni kwamba kitu hicho kimechakaa, na kwamba kinafaa kurudishiwa sura yake ya asili. Basi huitwa fundi, hununuliwa msasa na kopo la rangi ya fedha, na kabla mgeni rasmi hajafika, chuma cha miaka mia moja na zaidi kinameremeta kama sufuria ya arusi. Watu hupiga makofi. Mimi nasema kwamba siku ile hakikutengenezwa kitu, kilifutwa kitu. Na kwa kuwa jambo hili hufanywa kwa jina la kuheshimu historia, sioni sababu ya kulinyamazia.

Ndugu msomaji, pengine utaniuliza mtu wa Kigoma ana habari gani na mizinga. Anayo, tena nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Vita Kuu ya kwanza ilipiganwa juu ya ziwa letu hili hili. Meli tunayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kisha ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli. Wakati huo iliitwa Graf von Götzen, nayo ilishushwa majini Februari 1915. Mwaka huo huo manowari ya Kijerumani Königsberg ilizamishwa katika delta ya Rufiji, mnamo tarehe 11 Julai. Mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 ikaopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam kutengenezwa, na kutoka huko ikatawanywa katika medani mbalimbali. Mmoja ulikuja Kigoma ukafungwa juu ya Götzen.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana ndani yake mna fundisho zima la makala haya. Mwaka 1916 mzinga ule uliondolewa melini ukapelekwa kutumika nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mfano wa mti. Kule Kasanga, ambako Wajerumani walikuita Bismarckburg, mambo yalikuwa hayo hayo. Mwezi Juni 1916 kamanda wa Kiingereza Spicer-Simson alifika na vyombo vyake, akatazama ngome kwa mbali, akaona midomo ya mizinga, akaona si busara kushambulia. Wajerumani wakapata nafasi ya kuondoka. Baadaye ikajulikana kwamba ile mizinga ya ngomeni ilikuwa ya mti.

Ndiyo kusema, katika ziwa hili rangi ilikwisha kufanya kazi ya mzinga. Gogo lililochongwa vizuri na kupakwa vizuri lilimtisha ofisa wa jeshi la majini. Silaumu waliofanya hivyo, kwani vita ni hila. Lakini hila hiyo inatufundisha kitu: ukitazama rangi tu, huwezi kujua kilichomo chini yake. Na anayeupaka mzinga wa kweli mpaka ukafanana na kitu kipya kilichotoka dukani anageuza hila ile juu chini: Wajerumani waliufanya mti uonekane chuma, naye anakifanya chuma kionekane kama mfano wa mti.

Wenye kopo la rangi watasema: "Sisi hatudanganyi, sisi tunarudisha rangi ya asili." Hapo ndipo ninapotaka wanijibu. Asili ipi?

Chukueni huo huo mzinga wa Königsberg. Ulitoka kiwandani Ujerumani ukiwa na ngozi yake ya kwanza: sehemu zilizosuguliwa zikang'aa, sehemu zilizopakwa rangi ya jeshi la majini, sehemu za shaba zilizoachwa wazi. Ukakaa Rufiji miezi mingi kati ya mikoko, katika joto na mvua za delta. Ukazama. Ukaopolewa. Karakana za Dar es Salaam zikautengenezea magurudumu, maana mzinga wa meli hauna miguu. Mafundi wakautoboa na kuukaza ili ukae juu ya gari lake jipya. Ukapakwa tena ili usionekane porini. Ukaburutwa mamia ya kilomita. Hatimaye ukatekwa, na waliouteka wakaupaka rangi waliyoipenda wao, wakausimamisha kama nyara. Leo mizinga ya namna hiyo iliyobaki inahesabika: mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, karibu na mzinga wa Pegasus, meli ya Kiingereza ambayo Königsberg hiyo hiyo iliizamisha Zanzibar Septemba 1914, na mwingine uko Pretoria. Kigoma haukubaki hata mmoja.

Basi niambieni, katika ngozi zote hizo, asili ni ipi? Ukirudisha ya kiwandani umefuta vita. Ukirudisha ya vita umefuta wale walioutwaa. Na kwa kuwa ili kurudisha ya kwanza lazima ukwangue zote zilizofuata, kazi yako haina njia ya kurudi nyuma. Ukiupaka mzinga bila kuukwangua, umeufunika; mwanao anaweza kuufunua. Ukiupiga mchanga au msasa wa umeme mpaka chuma kitupu, umeukata ulimi. Alama za kiwanda, namba ya mzinga, uzito uliochongwa na patasi, mistari ya mafundi wa Dar es Salaam, vyote ni vya kina kidogo sana. Msasa hauulizi kabla ya kula.

Lakini hoja yangu kubwa si namba za Wajerumani. Namba zao ziko katika vitabu vyao. Hoja yangu ni wale ambao hawakuandikwa.

Mzinga ule haukutembea wenyewe. Bomba lake peke yake lina urefu wa zaidi ya mita nne, na uzito wake ni wa kuvunja mgongo wa ng'ombe. Uliburutwa na watu, kwa kamba, katika tope la masika na mchanga wa kiangazi. Walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Waha, Wazaramo, Wangindo na wengineo, wengi wao wakiwa wamechukuliwa vijijini bila kuulizwa. Kwa upande wa Waingereza pekee, wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa katika vita hivyo, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Mtaa wa Kariakoo uliopo Dar es Salaam bado unalo jina la kikosi chao cha wapagazi, japo wengi wanunuao nyanya pale hawajui. Mmoja mmoja, hatuna majina yao. Hawakuacha barua wala picha.

Walichoacha ni mikwaruzo. Pale mnyororo uliposugua bomba kwa wiki nzima, pamebaki mfuo. Pale mzinga ulipowaponyoka kwenye mteremko ukagonga jiwe, pamebaki bonyeo. Pale mhunzi alipokaza msumari mkubwa kwa nyundo ya kuazima, pamebaki alama ya nyundo. Hiyo ndiyo sahihi yao. Sasa aje fundi wa leo na puti, azibe bonyeo, alainishe mfuo, apake juu yake rangi laini, halafu tuambiwe kwamba historia imehifadhiwa! Historia ya nani? Ya kiwanda, kwa sababu kiwanda kiliutoa mzinga ukiwa laini. Mpagazi ameondolewa mara ya pili. Mara ya kwanza aliondolewa kijijini kwake, na mara ya pili anaondolewa kwenye chuma alichokivuta.

Nimewahi kuona, katika mji mmoja wa bara ambao sitautaja, mzinga mdogo wa zamani uliopakwa rangi ya fedha kuanzia mdomo hadi mkia, na magurudumu yake yakapakwa chokaa kama mawe ya bustani. Nilipouliza ulitoka wapi na ulitumiwa na nani, hakuna aliyejua. Lakini walijua ulipakwa lini na kwa ziara ya nani. Yaani kumbukumbu pekee iliyobaki juu ya chombo kile ilikuwa kumbukumbu ya rangi yake. Hilo ndilo tunaloliita kuhifadhi?

Haki inanitaka niyataje maneno ya upande wa pili, kwani si watu wajinga. Kwanza wanasema kwamba rangi huzuia kutu, na kwamba bila rangi mzinga utaliwa wote. Wamesema kweli nusu. Rangi huzuia kutu ikipakwa juu ya chuma kikavu na safi. Ikipakwa juu ya kutu na unyevu, haizuii, inaficha. Chini ya ule mng'aro kutu huendelea kutafuna kama mchwa ndani ya mwimo wa mlango, nawe unapongeza nyumba kwa uzuri wake. Siku rangi inapobanduka, inabanduka na gamba la chuma. Aidha maji ya mvua huingia kwa mdomo wa bomba, yakatuama humo kuanzia Novemba hadi Mei, na hakuna kopo la rangi linaloyafikia.

Pili wanasema kwamba wageni hawaji kutazama kutu. Hapo nitawajibu kwa mfano wa Ujiji. Pale penye ukumbusho wa Livingstone na Stanley, waliokutana mwaka 1871, wageni huonyeshwa miembe, na huelezwa wazi kwamba mwembe wenyewe wa wakati ule ulikwisha kufa na kwamba iliyopo ni chipukizi wake. Hakuna anayerudisha nauli yake kwa kuambiwa ukweli huo. Mgeni anayetoka mbali hafuati kitu kinachong'aa, kwani vinavyong'aa anavyo kwao. Anafuata kitu kilichokuwapo.

Tatu wanasema, na hili ndilo la maana zaidi, kwamba askari huheshimu silaha yake kwa kuisafisha, na kwamba kuuacha mzinga na kutu ni kuwadharau waliopigana. Nakubali kwamba kuutelekeza ni dharau. Lakini askari huisafisha bunduki ili ifanye kazi kesho. Mzinga huu hauna kesho ya kupiga; kazi yake sasa ni kushuhudia. Mtu aliyeitwa mahakamani hapakwi poda ili afanane na kijana wa miaka ishirini. Anaachwa na makovu yake, kwa sababu makovu ndiyo ushahidi.

Wala msinielewe vibaya kwamba napinga kila rangi. Chombo kinachofanya kazi kina sheria yake. Liemba ikiwa majini sharti ipakwe, la sivyo itazama na watu. Na mtumbwi wa dagaa pale Kibirizi usipozibwa na kupakwa, mwenyewe atakula hasara. Liemba yenyewe ilibadilishiwa mitambo ya mvuke ikatiwa ya dizeli katika miaka ya 1970, ikafanyiwa matengenezo makubwa tena mwaka 1993, na hakuna aliyelia, kwa sababu ilikuwa bado inabeba abiria na mihogo. Ninachosema ni cha chombo kilichostaafu.

Tena meli hiyo hiyo inatufundisha njia bora. Julai 1916, Wajerumani walipoona Kigoma haishikiki, waliizamisha kwa mikono yao wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Hawakuipamba, waliikinga. Meli ikaopolewa na Waingereza Machi 1924, na mitambo ile ikakutwa katika hali njema, hata Mei 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Grisi iliyofanya kazi hiyo haikuwa na uzuri wowote. Hakuna mgeni rasmi ambaye angeipigia makofi. Lakini ilikilinda chuma bila kukibadilisha, na siku ilipohitajika kutoka, ilitoka kwa kitambaa. Hiyo ndiyo kanuni: usitie kitu juu ya chuma cha kale ambacho mjukuu wako hawezi kukiondoa bila kuumiza chuma.

Kwa vitendo, kanuni hiyo haihitaji fedha nyingi. Piga picha kila upande kabla hujagusa, na uandike kila alama katika daftari. Osha kwa maji safi na brashi laini, kisha kausha vizuri. Kutu iliyolegea iondolewe kwa mkono, taratibu, na iliyoshikamana iachwe. Mahali penye kutu hai hupakwa dawa ya tanini, ambayo huigeuza kutu ikawa nyeusi na tulivu. Na tanini ni kitu kile kile kilichomo kwa wingi katika gome la mkoko, mti ulioificha Königsberg kule Rufiji. Juu yake hupakwa nta. Wahifadhi wengi hutumia nta itokanayo na petroli kwa kuwa haina asidi, nayo hurudiwa kila mwaka. Mdomo wa bomba uinamishwe kidogo maji yatoke, na juu lijengwe paa. Akitokea mtu anayetaka kweli kujua rangi ya kwanza, mhifadhi aliyesomea kazi hiyo afungue kidirisha kidogo mahali pasipoonekana, ukubwa wa kidole gumba, ahesabu matabaka kama tunavyohesabu pete za mti, aandike, na aache hapo. Rangi zile za zamani aghalabu zina risasi ndani yake. Anayezikwangua zikiwa kavu au kuzichoma kwa moto anavuta sumu.

Na liko onyo moja ambalo linazidi yote. Haya yote ni ya vitu ambavyo wataalamu wa jeshi wamekwisha kuvikagua na kuthibitisha kwamba havina uhai. Uzee haumtoi nyoka sumu. Mikoa yetu ya magharibi inapakana na nchi zilizopigana kwa miaka mingi, na si kila chuma kinachookotwa shambani au ufukweni ni cha mwaka 1916. Novemba 2017, katika wilaya ya Ngara, mkoa jirani wa Kagera, mwanafunzi wa shule ya msingi aliokota bomu la mkono akidhani ni chuma chakavu, likalipuka shuleni na kuua watoto watano. Nao wakazi wa Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011 walijifunza kwa machozi nguvu ya mabomu yaliyolala ghalani. Ukiona kitu cha namna hiyo usikisugue, usikipime uzito, usikiuze. Kiache palepale, wazuie watoto, uwaite polisi.

Sheria nayo ina pengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilichukua mwaka 1863 kuwa mpaka: kilichotengenezwa kabla ya hapo kinalindwa chenyewe, bali cha baadaye, isipokuwa vichache vilivyotajwa mahsusi kama milango ya nakshi, kinangoja kutangazwa na Waziri. Mzinga wa mwaka 1907 au ganda la kombora la mwaka 1915 liko nje ya mlango. Kwa hiyo kisichopakwa rangi na wenye nia njema huweza kukatwa na wenye mizani ya vyuma chakavu, na wote wawili humaliza kazi moja. Tofauti ni kwamba wa pili hajidai kuwa mhifadhi.

Nawaomba basi wakuu wa ofisi, walimu, viongozi wa kamati za maadhimisho na kila mwenye chuma cha vita uani kwake: fedha mliyotenga kwa rangi inunulieni bati la kuezekea na daftari. Waiteni wazee waliosimuliwa na baba zao, muandike nani alivuta, kutoka wapi mpaka wapi, na wangapi hawakurudi. Kisha wapelekeni watoto wa shule waweke vidole vyao juu ya bonyeo lile kwenye bomba, na mwambie mwalimu awaulize limetokana na nini. Mtoto atakayeuliza swali hilo nyumbani amefanya kazi kubwa kuliko makopo kumi ya rangi ya fedha. Lakini ili aulize, sharti bonyeo liwepo.